Waliochukua Nguo na Aliyemchukua Mama

Somo kuu: Yohana 19:23-27
Masomo mengine: Mwanzo 45:16 hadi 46:7, 2 Samweli 19:31-39, 2 Timotheo 4:9-13



Tunawasalimu ninyi nyote wa hapa Katwe, wa Kibuye, Nsambya na Makindye, pamoja na ndugu zetu wa Nakivale, Kyaka II, Rwamwanja na Kyangwali ambao barua hii huwafikia kwa mkono wa wasafiri. Neema na amani ya Mungu iwe pamoja nanyi.

Mwezi huu tunasema juu ya wazee wetu wanaohama. Juu ya kukimbia vita hatuna haja ya kufundishana, kila mmoja wetu amepitia. Tunasema juu ya siku ile ambayo mzee hawezi tena kukaa peke yake. Magoti yamechoka, macho yameingia ukungu, kodi ya nyumba imemshinda. Watoto wanakaa kikao, wanasema: "Mama hawezi kubaki pale. Tumhamishe." Basi anahamia kwa mtoto wake, ama anapelekwa kambini, ama anapokelewa katika nyumba ya kutunzia wazee, ama kesi yake inakubaliwa na anapanda ndege kwenda nchi ya tatu. Popote aendako, nafasi ni ndogo kuliko ile anayoiacha. Vitu vyote havitaingia. Lazima vipunguzwe.

Hapo ndipo kazi inapoanza. Na hapo ndipo tunapotenda makosa mengi ambayo hakuna anayeyaita dhambi, kwa sababu tunayatenda huku tukisema tunasaidia.

Chumba na mzigo

Hapa Kampala chumba kimoja cha kupanga wenyeji wanakiita muzigo. Sisi tunaosema Kiswahili tulicheka tulipolisikia neno hilo mara ya kwanza, maana kwetu mzigo ni kitu cha kubeba kichwani. Lakini ndivyo tunavyoishi. Chumba kimoja, pazia katikati, kitanda huku, sigiri kule mlangoni, na watoto watano wanalala chini. Mtoto akisema "mama njoo ukae kwangu," anamwita mama aingie mahali ambapo hata jerikeni moja ya ziada haina pa kusimama. Na katika sehemu za chini za Katwe, mvua kubwa ikinyesha maji yanaingia ndani, kila kilichowekwa sakafuni kinalowa. Kwa hiyo hatuwalaumu watoto wanaosema vitu vipunguzwe. Wanasema kweli.

Tuelewe pia upande wa mzee. Huyu ni mtu aliyeacha nyumba yake usiku mmoja na nguo za mwilini tu. Wengine walitoka Uvira, Fizi, Masisi ama Rutshuru miaka ishirini na zaidi iliyopita. Wengine wamekuja juzi, baada ya Goma kuangukia mikononi mwa M23 mwezi wa kwanza 2025 na Bukavu mwezi wa pili. Alifika hapa hana hata kijiko. Kijiko cha kwanza alipewa na jirani. Godoro alilinunua kwa kufua nguo za watu. Sufuria aliipata baada ya miezi ya kuuza mboga kando ya barabara. Kijana akiingia chumbani anaona vyombo vizee. Mzee anaona namna Mungu alivyomwinua tena, kitu kimoja baada ya kingine. Ukitupa kile chombo bila kumwuliza, umefuta ushuhuda wake.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayeubeba ndiye anayejua uzito wake.

Chini ya msalaba mmoja

Sasa tusome neno. Katika Yohana 19 tunaonyeshwa makundi mawili ya watu chini ya msalaba mmoja, saa ile ile.

Kundi la kwanza ni askari. Walizitwaa nguo za Yesu, wakafanya mafungu manne, kila askari fungu lake. Kanzu haikuwa na mshono, wakaona ni hasara kuipasua, wakaipigia kura. Angalieni vizuri, wapendwa: mwenye nguo alikuwa bado hai. Alikuwa anapumua. Alikuwa anawaona. Vitu vya mtu hugawanywa akiisha kuzikwa, lakini hawa waligawana mbele ya macho yake. Wala hawakuwa watu wa fujo. Walifanya kwa utaratibu na kwa haki: mafungu yalikuwa sawa, kura ilipigwa, hakuna aliyemwibia mwenzake. Walikosa jambo moja tu, hawakumtazama mwenye vitu.

Kundi la pili ni mama yake Yesu, wanawake waliokuwa pamoja naye, na yule mwanafunzi aliyependwa. Hapo Yesu alifanya kazi ya mtoto mkubwa wa nyumba. Alitafuta mahali pa mama yake kukaa. Tena tazameni utaratibu wake. Alisema kwanza na mama mwenyewe, ndipo akasema na mwanafunzi. Katika vikao vyetu sisi mara nyingi tunageuza. Tunasema na kaka aliye Kanada, na dada aliye Nakivale, na shemeji, na mwenye nyumba. Mama anasikia mwisho, wakati boda boda iko mlangoni. Yesu, katika maumivu yale, hakupitisha neno la mama yake juu ya kichwa chake.

Na imeandikwa kwamba tangu saa ile mwanafunzi alimchukua nyumbani kwake. Hatuambiwi Mariamu alibeba vyombo gani, hatuambiwi nini kilibaki Nazareti. Tunaambiwa tu kwamba alipokelewa yeye.

Basi neno letu la mwezi huu ni hili. Mzee anapohama, tuko katika moja ya makundi mawili. Ama tunashughulika na vitu vyake, ama tunamchukua yeye. Mtu anaweza kupanga mizigo vizuri sana na bado akawa katika kundi la askari.

Hapa katika ushirika wetu kulikuwa na mzee aliyekuwa fundi wa kushona. Kule Uvira alikuwa na duka. Hapa Katwe alikuwa na cherehani nzee aliyoikuta kwa wauza vyuma akaitengeneza mwenyewe, na kwa miaka mingi ilimlisha. Macho yalipokwisha, cherehani ilikaa pembeni bila kazi, ikichukua nafasi ya mtu mmoja kulala. Siku aliyopelekwa hospitali, watoto waliona ni nafasi nzuri ya kutengeneza chumba kabla hajarudi. Walifagia, wakapaka chokaa, wakanunua shuka mpya. Cherehani waliiuza kwa wale vijana wanaozunguka na mkokoteni kukusanya vyuma, wakaipima kwa kilo. Walifanya kwa upendo, tuna hakika. Mzee aliporudi alikaa kitandani, akapapasa pale ilipokuwa, akanyamaza. Baadaye aliwaambia: "Vitu vya mtu vinagawanywa akifa. Mimi mmenigawa niko hai." Wiki nyingi hakula vizuri.

Watoto walilia, wakaomba radhi, naye aliwasamehe. Lakini tunawaambia ninyi ili msipite njia hiyo. Neno moja lingetosha: "Baba, tufanye nini na cherehani?" Huenda yeye mwenyewe angesema apewe kijana fulani anayejifunza kushona. Ingetoka nyumbani vile vile. Nafasi ingepatikana vile vile. Lakini ingetoka kwa mkono wake.

Wazee watatu wa Biblia

Biblia inatupa wazee watatu wa kutufundisha jambo hili.

Wa kwanza ni Barzilai Mgileadi. Alikuwa na miaka 80. Alikuwa amemlisha Daudi wakati mfalme ni mkimbizi kama sisi. Vita ilipokwisha Daudi alimwambia: twende Yerusalemu, nitakutunza. Ni ahadi nzuri kabisa. Lakini Barzilai alikataa kwa heshima na akatoa sababu zake: ulimi hauonji tena chakula, masikio hayasikii waimbaji, kwa nini awe mzigo kwa mfalme, na zaidi ya yote alitaka kufa mjini kwake karibu na kaburi la baba na mama yake. Akamtoa Kimhamu aende badala yake. Daudi hakumkasirikia, hakumwita mkaidi. Alimbusu, akambariki, akamchukua Kimhamu. Mzee ana haki ya kusema hapana, na mtu mkubwa kama mfalme aliisikiliza hapana ile.

Tunajua kuna siku hapana haiwezekani. Mwenye nyumba amefunga mlango, ama mzee ameanguka mara tatu na hakuna wa kumwinua. Yesu mwenyewe alimwambia Petro katika Yohana 21:18 kwamba akizeeka mwingine atamfunga na kumpeleka asikotaka. Lakini hata siku hiyo, mzee asiyeweza kuchagua aende ama abaki anaweza kuchagua kikombe chake. Msimnyime na hicho.

Wa pili ni Yakobo. Alikuwa na miaka 130 alipofika Misri. Farao alituma magari ya kumbeba na akaagiza wasisikitikie vyombo vyao, kwa kuwa mema ya Misri yatakuwa yao. Ndivyo wanavyosema vijana wetu: "Bibi, acha hivyo, huko utapata vipya!" Farao alisema kwa wema. Lakini tunasoma katika Mwanzo 46:6 kwamba walikuja na wanyama wao na mali waliyoipata katika nchi ya Kanaani. Hawakuacha kila kitu. Tena mzee hakupelekwa moja kwa moja. Alipofika Beer-sheba alisimama, akatoa sadaka kwa Mungu wa baba yake, na usiku ule Mungu alisema naye akamwambia asiogope kushuka Misri. Watoto walingoja. Tunauliza: wazee wetu wanapewa Beer-sheba yao wapi? Mzee anahitaji siku ya kuaga, kuomba katika chumba kile, na kuwashukuru majirani waliomletea uji alipougua.

Wa tatu ni mtume Paulo. Alikuwa mzee na mfungwa, anajua mwisho wake umekaribia. Alimwandikia Timotheo kwamba akija amletee vitu alivyoviacha Troa kwa Karpo: joho, na vitabu, hasa vile vya ngozi. Mtume aliyezunguka miji mingi sana alitaja vitu hivyo tu. Joho ni kwa ajili ya baridi ya mwili, maana alitaka Timotheo afike kabla ya majira ya baridi. Vitabu ni kwa ajili ya roho na akili yake. Na vile vya ngozi ndivyo alivyovitaka zaidi, hata kama kijana angeona ni mizigo ya bure. Hapa tunapata kipimo kizuri cha kupunguza vitu. Tumwulize mzee: ni nini kinakupa joto? Ni nini kinalisha roho yako? Na ni kipi kati ya vyote usichotaka kikose? Hivyo viende kwanza. Vingine vitafuata kama nafasi ipo.

Basi tufanyeje?

Wapendwa, mahubiri yasiyofika nyumbani ni kelele. Tunatoa mashauri haya kwa kila familia iliyo na mzee anayehama.

1. Anzeni mapema. Kazi ya siku moja inamwumiza mzee na kuwagombanisha watoto. Fanyeni saa moja ama mbili asubuhi, wakati ana nguvu, kisha mwacheni apumzike. Rudini siku nyingine.

2. Mzee akae kwenye kiti, ninyi mlete vitu mbele yake kimoja kimoja. Tandikeni mikeka mitatu: wa vitu vinavyokwenda naye, wa vitu vya kugawa, na wa vitu vya kuuza. Yeye ndiye anayeonyesha kwa kidole. Akiwa na shaka juu ya kitu, kiwekeni kando, kisiende popote siku hiyo.

3. Anzeni na vitu vyepesi kwa moyo: majerikeni, sufuria zilizotoboka, viatu visivyo na jozi. Picha, nguo za aliyekufa, Biblia na barua viwe vya mwisho. Mkianza na picha mtalia wote na kazi itasimama.

4. Msicheke. Mkikuta kitambaa kilichofungwa fundo, ulizeni ni cha nini kabla ya kukitupa. Wazee wetu wengi hufunga pesa humo, na wengine hufunga mambo makubwa kuliko pesa.

5. Karatasi zikae peke yake. Atestesheni ya familia, kitambulisho cha mkimbizi, kadi za hospitali, karti ya mchaguzi ya Kongo, diploma, na karatasi za kiwanja cha nyumbani hata kama nyumba yenyewe ilichomwa. Ziwekeni katika mfuko wa plastiki unaofungwa vizuri, zitoeni nakala, na zipigeni picha kwa simu ya watoto wawili tofauti. Cherehani ikipotea itanunuliwa nyingine. Karatasi ya kiwanja haina duka.

6. Pesa za vitu vilivyouzwa ziingie mkononi mwa mzee, zihesabiwe mbele yake. Hata kama ni yeye atakayewapa tena kwa ajili ya nauli, zipite kwanza mkononi mwake.

7. Godoro, sigiri na sufuria moja visiuzwe mpaka siku yenyewe. Hili tunalisema kwa uchungu. Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na safari zilizokwisha kupangwa zikafutwa. Watu waliokuwa na tarehe ya ndege mkononi walikuwa wameuza vitanda na kuachia nyumba. Wakajikuta wanalala chini na wazee wao. Tumaini letu liko kwa Bwana, lakini godoro lingoje mpaka gari lifike.

Kila mahali pana desturi yake

Mzee anayekwenda kambini anahitaji vitu ambavyo hapa mjini alivisahau: jembe, chandarua, taa, jerikeni nzuri mbili, blanketi. Apate dawa zake za presha ama sukari za kutosha kabla ya kupanda basi, pamoja na karatasi ya daktari. Na kabla ya yote, mwende ofisi ya wakimbizi ya OPM, faili lake lihamishwe na atestesheni iandikwe sawa. Mjajua kwamba tangu mwaka 2023 WFP inagawa chakula kwa makundi kufuatana na uhitaji, na mwaka 2025 watu wengi sana waliondolewa kwenye orodha. Mzee ambaye karatasi yake haionyeshi hali yake anaweza kukaa kambini bila kupata chochote. Basi mizigo ikifungwa vizuri na faili likaachwa nyuma, tumempeleka kwenye njaa.

Anayesafiri kwa ndege ataambiwa kilo. Mara nyingi ni kilo 23 kwa begi moja, lakini fuateni maandishi ya tiketi yake. Pimeni nyumbani kwa mizani ya muuza makaa, msingoje Entebbe. Kule uwanja wa ndege tumeona mabibi wakifunguliwa mabegi mbele ya watu, na unga wa muhogo na samaki wakavu vikitolewa. Ule mfuko mweupe wa IOM wenye karatasi zake za safari na za afya usiingie kwenye begi kubwa. Ukae mkononi mwake mpaka afike.

Wengine wetu tunaogopa sana neno "nyumba ya wazee". Tunafikiri ni kumtupa mtu. Hapa Kampala, huko Nalukolongo upande wa barabara ya Masaka, ndugu zetu Wakatoliki wana nyumba inayoitwa Bakateyamba. Ilianzishwa na Kardinali Emmanuel Nsubuga mwaka 1978, na masista wa Msamaria Mwema wanatunza humo wazee, walemavu na watu wasio na mtu. Papa Fransisko aliwatembelea tarehe 28 Novemba 2015. Tunaitaja kwa sababu kazi ile ni ya Injili. Kumpeleka mzee mahali ambapo ataoshwa, atalishwa na kusemeshwa si lazima iwe dhambi. Dhambi ni kumpeleka na kutorudi kumtazama. Yohana alimchukua mama nyumbani kwake. Kama nyumba yako haiwezi, miguu yako bado inaweza. Nenda kila juma, mpelekee kitu kidogo, kaa naye. Na ukimpeleka, katika pembe ile ndogo aliyopewa kiwepo kitu kimoja kinachosema yeye ni nani: kitenge chake, picha yake, kitabu chake cha nyimbo.

Neno kwa wazee wenyewe

Baba zetu na mama zetu, koko zetu, tunawaheshimu. Nanyi tunaomba mtusikilize kidogo.

Msingoje kufa ili mgawe. Mtume aliandika katika 1 Timotheo 6:7 kwamba hatukuja duniani na kitu wala hatutatoka na kitu. Ninyi mnalijua kuliko sisi, maana mlikwisha kuvuka mpaka mikono mitupu. Basi toeni sasa, kwa mkono wenu, mkiona uso wa anayepokea. Sufuria ile kubwa ya kupikia matanga na harusi, mpeni mtu leo na mwambieni ilipotoka. Dorkasi katika Matendo 9 alipokufa, wajane walisimama wakilia huku wakionyesha nguo alizowashonea. Hazikuwa ndani ya sanduku lake. Zilikuwa katika mikono ya watu, na pale ndipo zilipomshuhudia.

Semeni pia mnayoyataka. Watoto si manabii. Kama kuna kitu hamtaki kiguswe, kitajeni. Kama kuna deni, litajeni. Na kama mna neno juu ya mazishi yenu, lisemeni bila kuogopa. Yakobo alimwapisha Yusufu juu ya mahali pa kuzikwa kwake, naye hakuonekana anaita kifo. Sisi wakimbizi wa mjini hatuna shamba hapa la kuzikia, na kila mara msiba unapotupata tunaanza kukimbia huku na huku. Mzee aliyesema mapema ameokoa familia yake.

Wala msijiite mzigo. Barzilai alijiita hivyo, lakini mfalme hakumwita hivyo. Mungu amesema kwa kinywa cha Isaya, katika sura ya 46, kwamba yeye ndiye anayewabeba watu wake tangu tumboni hata wakiwa na mvi. Kama Bwana mwenyewe anabeba, nani aone aibu kubebwa?

Neno kwa watoto walio mbali

Ninyi mlio Marekani, Kanada, Australia, na ninyi mnaotuma pesa kwa simu na kusema "mhamisheni mama wiki hii": Mungu awabariki kwa pesa hizo, bila ninyi wazee wengi wangelala nje. Lakini ongezeni kitu kimoja. Pigeni simu, ombeni mpewe mama mwenyewe, muulizeni angependa nini kiende naye. Dakika kumi. Yesu alikuwa na pumzi chache zilizobaki, na moja aliitumia kusema na mama yake.

Na ninyi majirani msio na mzee nyumbani, kanisa ni nyumba. Wapo wazee hapa Katwe ambao watoto wao walikufa ama walipotea vitani. Siku yao ya kuhama ikifika, nani atawatandikia mikeka mitatu? Tunaomba kila kikundi cha nyumbani kimwandike mzee mmoja wa namna hiyo, na majina yafike kwa mashemasi kabla ya Jumapili ya mwisho wa mwezi. Vijana wenye nguvu watabeba, akina mama watakaa na mzee, na mwenye simu nzuri atapiga picha za karatasi.

Tuombe

Baba yetu wa mbinguni, wewe uliyembeba Yakobo mpaka Misri na kumrudisha, uwabebe wazee wetu. Utusamehe tulipogawana vitu vya watu wanaotutazama. Utupe macho ya kumwona mwenye vitu kabla ya kuviona vitu. Wale wanaohama mwezi huu, watangulie njiani. Wale wasio na pa kwenda, utuonyeshe mlango, na kama mlango huo ni wetu, utupe moyo wa kuufungua. Katika jina la Yesu Kristo Bwana wetu.

Amina.